Bwate ya Mwisho ya Mama Murekatete

Kuna watu wa kutembea, halafu kuna Mama Murekatete wa Mweso. Miaka kumi na tisa alibeba chanjo mgongoni ndani ya kisanduku cha barafu, akapita Kalembe, akaingia pori la Walikale kule ambako hata pikipiki inakataa. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, na barafu isiyeyuke! Wengine wakipanda mlima wa kanisa tu wanaomba maji. Yeye alirudi na matope hadi magotini, akamkabidhi muganga Valens, mkuu wa kituo cha afya, karatasi ya majina ya watoto aliowachoma, kisha akaenda kupalilia maharage yake.

Sasa sikilizeni namna mwanamke kama huyo alivyoitwa mwongo.

Ilianzia kwa prof Honoré, anayefundisha jiografia. Mwaka huo alikuwa anafuata kwenye telefone mashindano ya watu wanaozunguka dunia nzima baharini, kila mmoja peke yake, bila mota, upepo tu.

"Iko mashua ya matanga, Mama," akamwambia Murekatete.

"Yesu! Matanga ya nani?"

Si mnajua, kwetu matanga ni kilio cha maiti. Prof alicheka hadi akavua miwani. "Apana, Mama! Tanga, kitambaa ya kushika upepo!"

Akamwonyesha kwenye telefone alama ndogo nyekundu ya mashua moja katikati ya maji, bila kilima, bila nyumba, bila moshi wa jiko. Yule mtu wa mashua alikuwa na miezi miwili hajakanyaga udongo. Murekatete aliitazama alama ile, akasahau hata alichokuja kuulizia. Yeye aliyedhani anajua kutembea! "Na mama yake anajua iko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kutokana na mashua zile, prof akabuni mchezo. Bwate nne, mikebe midogo, zifichwe, maana dunia ina pande nne: moja Mweso, moja Muheto, moja Kalembe, na ya mwisho porini. Ekipe, vikundi vya washindani, zinapewa namba za mahali, zinazifuata kwa telefone mpaka miguu ikanyage penyewe. Ukiipata bwate, unaandika jina lako ndani ya kaye, daftari dogo lililomo, unairudisha palepale. Mchezo unakwisha mashua ya kwanza ikifika bandarini.

Bwate ya mwisho alipewa nani kama si Murekatete? Aliiweka kwenye mizizi ya mti mkubwa karibu na kambi ya mwindaji Athanase, ambaye siku hiyo hakuwepo. Akaifunga kwa mkanda wa buluu wa kisanduku chake cha chanjo, maana kamba nyingine hakuwa nayo. Akasoma namba za mahali kwenye mashini ndogo aliyopewa na prof, akaziandika, akarudi.

Ekipe ya kwanza ilienda, ikarudi. "Kule hakuna kitu." Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu ilirudi mbio, na hao hawakutaka hata kuhadithia. Maneno yakaanza sokoni: ati Mama Murekatete ameficha bwate nyuma ya choo chake na kutunga namba. Yeye akacheka. Watu wa Mweso wakikosa la kusema si wataumwa na tumbo?

Kicheko kilikatika siku muganga Valens alipomwita ofisini. Hakumtazama usoni.

"Mama, nisamehe. Kama bwate haukuifikisha... ile batoto yote ya mu pori, ulibachoma kweli? Niko na raporo ya chanjo ya kutuma. Nitabaacha ao nitabafuta?"

Akashika meza. Miaka kumi na tisa! Mvua ya nani ilimnyeshea basi? Hasira ilimpanda hadi masikio yakamwasha. "Twende," akasema. "Kesho asubuhi. Na miguu yako mwenyewe, Muganga."

Wakaenda watatu: yeye, Valens, na prof Honoré na telefone yake. Baada ya Kalembe reseau ya simu ilikufa, lakini namba za mahali telefone iliendelea kuzionyesha. Siku ya pili Valens alikuwa anachechemea na hasemi tena neno la raporo. Murekatete alitangulia, akiharakisha hatua, maana pori ni pori: nguruwe angeweza kuifukua ile bwate, au mtu akaichukua. Na ikikosekana, yeye kwisha.

"Inabakia metre kumi na mbili," prof akasoma. Halafu akasimama kama aliyepigwa.

Kuzunguka ule mti, kwenye kila kichaka, kulikuwa na mafundo. Majani yaliyofungwa, kamba za msituni zilizofungwa, mamia, mstari nyuma ya mstari. Valens alifanya ishara ya msalaba. "Dawa ya bachawi," akanong'ona. Hapo ndipo prof alipoelewa ekipe zake: zilifika, ziliona, zilikimbia, zikaona haya kusema mbele ya watu wa Mweso kwamba zimeogopa fundo la jani.

Murekatete hakuogopa. Fundo alilijua: mwindaji wa pale akikuta kitu cha mwenzake hufunga moja, kusema nimeona, sikuchukua. Lakini moja! Mengi hivi hakuwahi kuyaona.

Athanase akatokea na mkuki wake, akacheka. "Karibu, Mama wa shindano, wa kuchoma batoto! Tuliona mukanda ya buluu, tukasema iyi njo yake. Bamama bakasema, kila mutoto ulimuchoma, bamufungie yake. Balitoka mbali, banabeba batoto mu mugongo."

Valens alianza kuhesabu kwa kidole. Akafika sabini na kitu, akashusha mkono, akaketi chini kwenye majani mabichi. "Mama," akasema. "Nitabaacha bote." Prof akatia telefone mfukoni, na kuhusu mashua kufika bandarini hakuna aliyeuliza tena.

Murekatete alizunguka polepole, akigusa moja moja. Chini kabisa, karibu na mizizi, akaona fundo dogo limewekwa peke yake.

"Na iyi?"

Athanase akaacha kucheka. "Iyo ya mutoto wa Mamy. Maji ilimubeba mwaka ulipita. Mama yake alisema ulitembea siku mbili na miguu juu yake, naye asikosekane."

"Noël," Murekatete akasema kabla hajaambiwa jina. "Alinipiga teke mu tumbo, kisha akanishika kidole."

Akapiga magoti, akafungua mkanda wa buluu. Kaye ilikuwa kavu, haijaandikwa hata herufi. Akachukua kalamu, na kwenye mstari wa kwanza akaandika: *Noël, mutoto wa Mamy. Alifika.*