Mlango wa Jiko la Mama Mkwe

Nilikubali kunyamaza. Mdogo wangu aliniomba hivyo nyuma ya nyumba yake, huko Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, nami nikaitikia kwa kichwa. Leo ningemkatalia.

Nyumba ile ilikuwa ya shemeji zangu, kaka za mke wangu, wenye asili ya Kasai. Wenyeji wa jimbo letu walipowafukuza watu wa Kasai, walipanda treni pamoja na wengine. Mama yao alikuwa amepooza miguu, asingeweza kungoja stesheni. Wakamwachia mdogo wangu nyumba kwa sharti amtunze. Mke wangu alimtembelea kila asubuhi, lakini kazi yangu ya mgodini ilipokwama alikwenda Sandoa kutafuta mihogo ya kuuza.

Ndipo muuguzi wa zahanati, jirani yetu, aliponijia.

"Baba, mama mukwe wako anafungiwa mu jiko ya inje. Mikono yake iko na alama ya kamba."

"Mama, semea ku parke," nilimwambia, yaani kwa mwendesha mashtaka.

"Mi siri ya mugonjwa inanifunga. Nikiitoa, kazi inaisha. We uko famii, mwendesha mashtaka atakusikiliza. Na sheria inasema, kuacha mutu mu hatari ni kosa."

Nilimjibu kwamba kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake wala haingii jikoni mwake. Ningeshuhudiaje nisichoruhusiwa kuona?

"Bukari yake ulikulaka bila kufunga macho!" akasema, akinikumbusha ugali wa mama mkwe, akaenda zake.

Nilikwenda kwa mdogo wangu. Nyuma ya mlango wa jiko sahani ya bati iligongwagongwa, ikanyamaza.

"Yaya, ule ni mukwe wako," aliniambia mimi kaka yake mkubwa. "Bya mu jiko yake usiangalie. Unataka banifunge?"

Sikutaka afungwe. Mila ilinipa kisingizio tu.

Mke wangu aliporudi kutoka Sandoa alivunja kufuli la jiko. Akaniuliza kama nilijua. Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Alimbeba mama yake mgongoni hadi stesheni, watoto wetu wakimfuata. Katika fujo zote zile za kuwafukuza watu wa Kasai hakuna aliyethubutu kumfukuza yeye, kwa kuwa alikuwa mke wangu, mimi mwenyeji.

Mama mkwe alifia njiani kuelekea Kasai. Mke wangu hakurudi tena, na watoto walikulia Kasai bila baba. Mdogo wangu hakufungwa. Mimi nilipoteza mke na watoto.