Vitabu Viwili vya Kisiwa Kimoja

Wanafunzi ndio waliompa jina la Kipenga, na likamganda kama rangi ya ukutani. Miaka yote aliyofundisha mazoezi ya viungo katika shule ya wasichana, kipenga chake kilisikika mpaka jikoni kwa wapishi, na sauti yake haikuwa nyuma. Hakuwa mkali wa fimbo, alikuwa mkali wa mbio. Alikimbia mbele yao jua likiwaka, na aliyeachwa nyuma hakuhitaji kuambiwa. Alipostaafu, walimu wenzake walimzawadia saa ya ukutani na jozi ya raba. Saa aliitundika. Raba hazikupata kuvaliwa, maana mwaka huohuo goti lake la kulia lilianza kumgomea.

Daktari aliiinua picha ya goti kwenye mwanga wa dirisha. Gegedu imelika, akasema, mfupa unasaga mfupa. Tembea pa tambarare, usichuchumae, ngazi zipunguze, milima isahau. Kipenga akaitikia kila neno, akapewa bendeji ya mpira, akarudi nyumbani kuivaa chini ya gauni refu. Hakumwambia mtu. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye hakuwahi kusikia mtu aliyeuawa na goti, kwa hiyo aliona methali hiyo inawahusu wengine.

Mtu wa kuambiwa alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeitwa Pamba. Jina hilo lilitoka kwa mama yao. Pamba alizaliwa na kifua kibovu. Pumu ilimbana akicheka, ikambana akilia, na mama akamlea kama yai lililofungwa kwenye pamba. Shuleni, wenzake walipokimbia, yeye aliketi kwenye ngazi za darasa akilinda mikoba. Dada yake akipita mbele ya wote, Pamba alimpungia mkono, kwani pumzi ya kushangilia hakuwa nayo. Ukubwani akawa fundi wa mapazia, mwenye karakana yake, cherehani zake na meza ndefu ya kukatia. Pumu nayo, baada ya kubadilishiwa dawa, ikamwachia. Miaka ilipita haijambana, na Pamba hakupenda kuizungumzia, kama mtu anayeogopa kumtaja mgeni mkorofi asije akarudi.

Kila asubuhi Kipenga alishuka kutoka ghorofa ya pili, polepole, kiganja ukutani, akavuka barabara kwenda kunywa chai karakanani kwa mdogo wake. Hatua chache kabla ya mlango alijinyoosha, akauma meno, akaingia kwa mwendo wake wa zamani.

Asubuhi moja alimkuta Pamba anamngoja na kalenda mkononi, zile wanazogawa wauza vitambaa. Picha ya mwezi ule ilikuwa ya kisiwa cha nchi za joto: bahari ya buluu, minazi, na katikati mlima wa volkano wenye ziwa la kijani kileleni.

"Dada, hebu tazama."

"Nimetazama. Maji hayo."

"Yale mapazia ya hoteli nimeyamaliza. Nafunga karakana, tunakwenda likizo mimi na wewe."

"Kukaa ufukweni?"

"Kupanda huu." Kidole cha Pamba kilitua kileleni. "Tangu utoto nimeuona mgongo wako tu, dada. Safari hii nataka twende bega kwa bega. Pumzi ninayo sasa."

Kipenga alikunywa funda la chai iliyokuwa bado inachoma. Hapo ndipo angesema. Neno lilikuja mpaka mdomoni, likageuka njiani.

"Tutafute kitabu kwanza," akasema. "Mtu haendi ugenini kichwa kichwa."

Duka la vitabu lilikuwa mtaa wa pili, kati ya kinyozi na muuza taa. Mwenye duka alikuwa mwanamume mnene, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na aliwapenda wateja wasionunua kuliko wanaonunua, kwa kuwa wanaonunua huondoka. Vitabu vya wasafiri alivipanga rafu moja karibu na dirisha, na vinavyohusu kisiwa kile vilikuwa vinne.

Cha kwanza kilikuwa kinene kama tofali. Mwandishi wake alikuwa amelala katika kila nyumba ya wageni kisiwani na kugombana na kunguni wa kila kitanda. Pamba alikifungua, akakuta sura nzima ya mlima: njia ya kusini, ngazi za mizizi, kamba ya kushikia penye mwinuko mkali. Macho yakamng'aa.

"Herufi zake ndogo mno," Kipenga akasema. "Mayai ya sisimizi haya. Tutarudi vipofu."

Jumamosi iliyofuata wakajaribu cha pili, chenye picha nyingi. Kipenga akasema mchapaji alimwaga rangi, hakuna bahari ya namna ile duniani. Cha tatu kilikuwa cha bwana mmoja aliyeupanda mlima ule peku, na hakuacha ukurasa upite bila kukumbusha jambo hilo.

"Mwenye majivuno hivi hawezi kukuonyesha njia," Kipenga akaamua. "Atakuonyesha miguu yake."

Mwenye duka alicheka mpaka miwani ikamrukaruka kifuani. Pamba hakucheka. Alikirudisha kitabu kwenye rafu, akakinyoosha mgongo sawasawa na vingine.

Cha nne kilikuwa chembamba, kimeandikwa na mwanamke ambaye kwa maneno yake alionekana kuchoka kabla hajashuka melini. Aliandika habari za upande wa mashariki wa kisiwa, ambako ardhi ni tambarare, maji ya bahari ni ya magotini na soko liko hatua chache kutoka ufukweni. Kuhusu bustani ya mji aliandika hivi: "Ina kivuli. Ina benchi." Kipenga aliisoma sentensi hiyo, akairudia, akajisikia kama aliyepata ndugu.

"Hiki," akasema. "Huyu anajua kuandika."

Pamba alikipokea, akakipekua toka mwanzo hadi mwisho. "Mlima hamna."

"Utakuwemo tu."

"Hamna, dada. Upo kwenye ramani, basi."

Walirudi karakanani, Kipenga akajimiminia chai. Pamba hakuwasha cherehani. Alisimama nyuma ya meza ya kukatia na mkasi mkononi, kama mtu aliyekwenda kufanya jambo akalisahau.

"Kama hutaki kwenda na mimi, niambie," akasema. "Bado unaniona yule wa kulinda mikoba."

"Nani kasema?"

"Kila kitabu kina kasoro. Chenye mlima kina kasoro, kisicho na mlima mwandishi wake bingwa. Mimi si mtoto."

Njia mbili zilikuwa wazi mbele ya Kipenga, na moja ilikuwa fupi: kupandisha gauni na kuonyesha bendeji. Akashika ile nyingine.

"Mlima si mchezo, Pamba," akasema kwa sauti ya upole, ile ya kusemea na wagonjwa. "Huko juu hewa nyepesi. Na kifua chako unakijua mwenyewe. Pumu ikikushika kule, mimi nitamwita nani?"

Mara tu alipoyasema alijua amefanya vibaya. Pamba aliuweka mkasi mezani. Uso wake haukubadilika, lakini alivuta pumzi moja ndefu, akaitoa yote polepole, kama anayejikagua. Kisha akaketi kwenye cherehani na kuanza kushona pindo la pazia, na mlio wa mashine ukajaza chumba.

Kipenga aliimaliza chai yake peke yake, akaenda zake.

Wiki ile chai ilikuwepo kama kawaida, maneno ndiyo yaliyoadimika. Ijumaa Pamba akasema bila kuinua kichwa, "Kesho nakwenda kununua kile kinene. Ukitaka njoo, usipotaka basi."

Kipenga alikwenda. Njia nzima alijiambia kwamba ataonyesha uungwana: atakichukua kitabu kwa mkono wake mwenyewe na kumkabidhi mdogo wake, kama njia ya kuomba radhi bila kulitamka neno lenyewe. Ila mwenye duka alikuwa amepanga upya. Vitabu vya wasafiri vilishushwa rafu ya chini kabisa, vya mapishi vikapanda mahali pao. Kipenga akakiona kile kinene kule chini, na kabla Pamba hajainama, yeye akachuchumaa.

Akakishika, akataka kuinuka. Goti likakataa. Akajaribu tena, akishika ubao wa rafu, na maumivu yakampanda mpaka kwenye meno. Akabaki palepale, kitabu kifuani, kama kuku aliyeatamia.

"Dada, twende tukalipe," Pamba akasema.

"Tangulia. Nasoma kidogo."

"Unasoma nini hapo chini?"

"Yaliyomo."

Mwanamke mmoja aliyebeba kikapu akasogea nyuma yao. "Samahani mama, naomba nipite, nataka kile cha keki."

"Pita tu, mwanangu," Kipenga akamjibu kutoka sakafuni. Lakini hakusogea, na yule mwanamke hakuwa na pa kupitia. Wote watatu wakangoja. Ndipo Pamba alipoinama, akamtazama dada yake usoni, akaona jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Umepatwa na nini?"

"Goti."

"Lina nini?"

"Limekufa," Kipenga akasema. "Siku nyingi."

Iliwabidi wawe watatu kumwinua: Pamba kwapa moja, mwenye kikapu kwapa jingine, na mwenye duka akishika kiuno kwa haya nyingi huku ameangalia pembeni. Wakamkalisha kwenye kiti cha kaunta. Gauni lilikuwa limepanda, na bendeji ikaonekana na kila mtu. Mwenye duka alikumbuka ghafla kwamba ana maboksi ya kufungua huko nyuma. Mwanamke wa keki alichukua kitabu chake, akaenda kukisoma mbali, dirishani.

"Tangu lini?" Pamba akauliza.

"Tangu nilipostaafu."

"Daktari anajua?"

"Daktari ndiye aliyenikataza milima."

Kipenga alitegemea huruma, na alikuwa ameshajiandaa kuikataa. Haikuja.

"Goti lako baya," Pamba akasema, "halafu ukanitupia mimi pumu yangu."

"Nilikosea."

"Ungesema goti, ningekwambia pole, ningekukanda. Ukaona afadhali mimi niwe mgonjwa."

"Nilikosea, mdogo wangu. Sijawahi kuwa mtu wa kungojwa. Sikujua unasemaje ukiwa mtu wa kungojwa."

"Unasema 'ningojeni'," Pamba akamjibu. "Mimi nimelisema miaka mingi. Halina miiba."

Akaenda kwenye rafu, akarudi na kile chembamba, akakiweka juu ya kile kinene. "Kila mtu na chake," akasema. "Mimi mlima naupanda. Wewe utakuwa na benchi lako." Akamwita mwenye duka atoke kwenye maboksi yake aje kuchukua hela.

Kipenga alitaka kusema kwamba basi likizo yenyewe iahirishwe. Akajizuia. Alikuwa ameshasema ya kutosha.

Kisiwa kilikuwa na joto kuliko vitabu vyote vilivyoahidi. Kile kinene kilikuwa na kweli kuhusu kunguni. Chembamba kilikuwa na kweli kuhusu maji ya magotini, ambamo Kipenga alisimama kila asubuhi akiona mguu wake mwepesi kama wa mtu mwingine. Bustani ndiyo iliyowapiga chenga. Walipofika walikuta maegesho ya magari, na mlinzi aliyewaambia kwamba benchi hajapata kuliona tangu aajiriwe.

Siku ya mlima Pamba aliondoka mapema na kiongozi wa njia na wageni wengine. Alijaza chupa ya maji, akatia dawa yake ya kuvuta mfukoni, akaufunga mfuko kwa pini, tahadhari tu. Kipenga alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampungia mkono. Gari lilipopinda kona, akaona mkono wake bado uko juu.

Ilikuwa siku ndefu. Alikaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni na kitabu chake, akasoma habari za soko, akalala, akaamka, akanunua kofia asiyoihitaji. Mlima ulionekana kutoka pale, kilele chake kimezibwa na wingu. Alijaribu kuwa na wasiwasi juu ya kifua cha mdogo wake, kwa kuwa wasiwasi ni jambo la heshima. Alichokuwa nacho hasa kilikuwa wivu, na hakikuwa kidogo.

Jioni Pamba akarudi, tope mpaka kiunoni, nywele zimesimama, anacheka peke yake.

"Dada! Nimefika! Nikueleze—"

"Kesho," Kipenga akasema.

Pamba akamtazama.

"Nieleze kesho. Leo siwezi kuisikia. Hongera, mdogo wangu, lakini leo siwezi."

"Haya," Pamba akasema, na akaenda kuoga.

Walikula samaki bila mazungumzo mengi. Kipenga alimmenyea mdogo wake chungwa, akalipanga sahanini vipande vipande, akalisogeza upande wake. Pamba alilala na sahani iko mapajani.

Asubuhi hakuweza kushuka kitandani. Mapaja yalikuwa yamekaza kama magogo, akiyagusa tu analalama. Kipenga alivuta kiti, akaketi, akatia mafuta ya kuchua kiganjani. Kazi hiyo aliijua, miguu ya watu aliichua maisha yake yote. Akaanza na mashavu ya miguu, akipanda juu taratibu, vidole vikitafuta mahali msuli ulipojifunga fundo.

"Haya," akasema baada ya muda. "Mlianzia wapi?"

"Kwenye migomba," Pamba akasema. Kisha akaanza kusimulia yote, bila kuruka: tope, mizizi, mzungu aliyepoteza kiatu, kiongozi aliyeimba muda wote kwa sauti mbaya. Pumzi ilikuwa fupi lakini ilikuwepo. Palipokuwa na kamba, alisimama, akaona hawezi.

"Nikakutukana," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Kwa sauti. Kiongozi akanyamaza kuimba."

"Ulinitukana nini?"

Pamba akamwambia. Lilikuwa tusi la utotoni, la kukatazwa, ambalo hakuna kati yao aliyelisikia tangu mama yao alipokuwa hai. Kipenga aliacha kuchua. Mabega yakaanza kumtetemeka, kisha wote wawili wakacheka mpaka Pamba akalia kwa maumivu ya mapaja, akimwomba dada yake anyamaze, naye hawezi kunyamaza.

"Na ziwa?" Kipenga akauliza alipoweza kusema.

"Dogo. Lina harufu ya mayai mabovu. Wingu lilifunguka kidogo tu, likajifunga."

"Kijani kweli?"

"Kijani," Pamba akasema. "Ila sijafika huko bado. Bado niko kwenye kamba."

"Geuza mguu wa pili," Kipenga akasema, akaongeza mafuta kiganjani. "Endelea."