Mikorosho Ndani ya Muhogo

Mwaka ule bwana shamba alipokuja Msimbu, alitukusanya nyumbani kwa jumbe akatueleza jinsi nchi zinavyotajirika. Alisema siri ni mbegu bora, kupanda kwa mistari na kuacha uvivu. Aliposema uvivu alikuwa anatuangalia sisi wanawake tuliokaa nyuma na watoto mapajani, tumetoka kulima tangu alfajiri. Nilikuwa na hasira za karibu siku hizo, na mpaka leo ninazo. Nilitaka kusimama nimuulize swali moja tu: hiyo mistari nikaipande katika shamba la nani?

Maana sisi tulikuwa wageni. Mimi na mume wangu tulitoka ukingoni mwa Ruvu baada ya mto kufurika masika mbili mfululizo na kuchukua mpunga wetu wote, tukahamia Msimbu, Kisarawe, na mtoto mmoja na mkeka. Bibi mmoja mwenye ardhi kubwa alituazima shamba. Masharti yalikuwa yaleyale waliyopewa wageni wote: kila mavuno umpelekee tenga moja, na usipande mti. Muhogo, kunde, mtama, ruksa. Kwa desturi ya kule, mti ni wa aliyeupanda hata kama ardhi si yake, kwa hiyo ukimruhusu mgeni apande mnazi, kumwondoa tena ni kazi. Mwenye ardhi akiona mche tu anaung'oa, na aliyeupanda anafungasha virago.

Simlaumu bibi. Lakini tazama matokeo yake. Hakuna mgeni aliyehangaika kutia samadi, kwa sababu faida ya samadi utaila mwakani, na mwakani hujui utakuwa wapi. Sisi wenyewe tulikaa miaka minne katika kibanda cha makuti ambacho mume wangu hakutaka kukikandika. "Nikandike nyumba ya nani?" alikuwa akiniuliza. Hakuwa mvivu, Mungu ni shahidi yangu. Alikuwa mtu asiye na mwakani, basi.

Bwana shamba alipomaliza hotuba aligawa korosho za mbegu, konzi moja kila nyumba. Mume wangu alizipokea kwa adabu, akafika nyumbani, akawasha moto, akaanza kuzichoma.

"Za kupanda si zetu," alisema. "Bora tuzile."

Nilizipokonya zilizobaki, zikiwa kumi na moja, nikasema nitamchomea mtoto kesho. Kesho yake nikazipanda katika kipande changu cha shamba, kule chini kwenye mteremko ambako nilikuwa nalima peke yangu, katikati ya muhogo.

Nilijiona nina akili kuliko kijiji kizima. Muhogo unarefuka kumpita mtu, nani angeuona mche? Nilichosahau ni kwamba muhogo hupandwa ili ung'olewe. Mwaka ulipotimia wenzangu wakavuna, mimi nikawa napalilia. Ningeung'oa, miche yangu ingebaki wazi mbele ya macho ya watu. Mume wangu aliuliza mbona sivuni, nikamjibu nauachia unenepe. Tukala muhogo wa upande wake hadi ukaisha, kisha tukala kunde, kisha tukala kunde tena. Mwaka wa pili muhogo wangu ulikuwa umekomaa hata nguruwe waliuonja wakauacha. Jirani alinitania kwamba nimepanda boriti. Nilicheka naye, lakini moyoni niliogopa sana. Nilikuwa nimeliweka hatarini shamba linalowalisha wanangu kwa ajili ya miti ambayo hata baba yao sikuthubutu kumwonyesha.

Asubuhi moja bibi mwenyewe akaja. Mjukuu wake aliyekuwa amewekwa ndani kama mwali alikuwa anatolewa nje wiki ile, na wageni walikuwa wengi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia una muhogo wa miaka miwili. Nimekuja unipe matenga matatu."

Ningemwambiaje hapana? Nilitangulia na jembe. Niling'oa shina la kwanza pembeni kabisa mwa shamba. Alimenya kipande kwa kisu, akatafuna, akatema.

"Huu si muhogo, hizi ni kuni. Umeuacha uzeeke hivi kwa nini?"

Alipita katikati ya mashina akitafuta ulio laini, kisha nikasikia amesimama. Miche ilikuwa imeshanipita kiuno, na miwili ilikuwa na maua.

"Nani kapanda?"

"Mimi, bibi."

"Mumeo anajua?"

"Hajui."

Alichuchumaa, akachimbua udongo kwa vidole chini ya mche mmoja. Alikuta majivu na samadi ya mbuzi niliyokuwa naibeba kichwani kutoka kwa jirani. Akaunusa ule udongo. Hofu ilinizidi hadi ikageuka hasira, na mdomo ukaitangulia akili.

"Ukitaka kung'oa, bibi, ng'oa. Lakini nitajie mgeni mwingine aliyewahi kuitilia ardhi yako samadi."

Alipangusa udongo vidoleni.

"Ardhi hii nimewaazima watu watano," alisema. "Wote wameikamua wakaniachia mchanga." Akainuka polepole, akishika kiuno. "Lakini ukishakuwa na miti, utasema na ardhi ni yako."

"Sitasema."

"Wewe hutasema. Watoto wako je?"

"Na wako je?" nikamwambia. "Siku ukiondoka duniani, si watanifukuza?"

Alinitazama, akaguna. Nadhani ndipo alipoona kwamba wote wawili tunaogopa kitu kimoja.

Ijumaa baada ya swala alisema mbele ya jumbe na majirani kwamba ardhi ni yake na ya wanawe, mikorosho ni yangu na ya wanangu, na tenga la kila mavuno liendelee. Akawaamuru wanawe wawili wayarudie maneno yale, mmoja baada ya mwingine, kila mtu asikie. Tukasoma Fatiha. Mume wangu, ambaye alikuwa anaisikia habari ya miti kwa mara ya kwanza, alininunia siku tatu. Siku ya nne nilimkuta anakanyaga udongo wa kukandikia nyumba, nikafurahi kuliko siku ya arusi yangu.

Baadaye wageni wengine walikwenda kwa wenye ardhi zao wakaomba wasemewe maneno kama yetu. Wengi walikubaliwa. Haikupita miaka mingi, lori likaanza kuja hadi Msimbu kufuata korosho, na bwana shamba akarudi kutupongeza kwa kuacha uvivu. Alisikitika tu kwamba miti yangu haikukaa kwenye mistari. Sikumbishia. Mbegu zake zilikuwa nzuri kweli.

Bibi alifariki msimu mmoja mikorosho ikiwa imezaa sana. Arobaini ilipopita, nilikuwa shambani naokota mabibo yaliyoanguka na kunyofoa korosho zake, nikamwona mwanawe mkubwa anashuka mteremko, panga mkononi, binti yake mdogo begani. Nilisimama nikashika tenga kwa mikono miwili. Maneno yale yalikuwa ya mama yake, na mama yake hayupo. Nilijiambia leo ndiyo leo, nikaanza kufikiria nitamwambia nini mume wangu na tutahamia wapi.

Alifika kwenye mti wa kwanza, juu ya ardhi aliyoirithi, akasimama nje ya kivuli chake. Akaegemeza panga chini.

"Hodi, mama," alisema. "Mtoto ananililia bibo tangu nyumbani. Naomba ruhusa nimchumie moja."

Nikaliweka tenga chini. Nikamwashiria kwa mkono apite, achume.