Wanyama Kumi Bila Miguu

Mwaka nilioanza kujiita mchoraji wa kuta nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, na niliogopa watu wa aina mbili: mteja asiyepiga simu na mteja anayepiga. Asiyepiga alinikosesha raha. Anayepiga angefika tu mahali pa kuuliza, "Na hiyo ni pesa ngapi?" halafu mimi ningeanza kukohoa.

Sikusomea uchoraji popote. Nilijifunza kwenye simu, kwa video za watu wa mbali wenye kuta nyororo kuliko zetu, na mazoezi nikayafanya kwenye mabati ya nyuma ya nyumba yetu mtaani Kaptembwo, Nakuru. Mama analalamika mpaka leo kwamba kuna jicho la chui linalomwangalia akianika nguo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa vichwa vitatu kwenye ukuta wa kinyozi. Kichwa kimoja nilikirudia mara tatu bila kuulizwa, kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia. Kinyozi aliniambia niache, kwamba nusu ya wateja wake wako hivyo hivyo. Sikuacha. Alinilipa pesa ya mara moja.

Mama hakuwa adui wa kazi yangu. Alikuwa tu anajua hesabu. Binamu yangu alikuwa amenitafutia nafasi kwenye banda la kupakia maua huko Naivasha, na msimamizi wake alikubali kuningoja mpaka Pasaka. Mama akanipa sharti moja. "Mpaka Pasaka upate mtu mmoja akulipe bei uliyosema wewe," alisema. "Mmoja tu. Si bei aliyosema yeye. Ukikosa, unapanda gari unaenda maua."

Nilidhani ni sharti rahisi. Nikakaa nikawahesabu wateja wote niliowahi kupata, na hakukuwa na hata mmoja aliyelipa bei yangu.

Wiki mbili baadaye nikaitwa na mama mmoja mwenye shule ya chekechea kule Milimani. Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani yenye bustani. Sebule iligeuzwa darasa la watoto wakubwa, na bafu ikawa ofisi ya mwalimu mkuu. Mwenyewe aliitwa Mkurugenzi na kila mtu, pamoja na mumewe. Nilipofika alitazama nyuma yangu, kuelekea langoni.

"Sasa mamii, fundi ako wapi?"

"Ni mimi, Madam."

"Ni wewe nini?"

"Fundi."

Alinitazama viatu, halafu akanionyesha ukuta. Ulikuwa ukuta mrefu mweupe unaotazama uwanja wa kuchezea, na alitaka wanyama kumi. Nikaupima mara mbili kwa futi ya chuma, mara ya pili kwa kuwa ya kwanza ilikuja namba kamili isiyo na inchi za ziada na siamini namba za namna hiyo.

Usiku mzima uliotangulia nilikuwa nimejifunza kusema bei mbele ya kioo. Nilikuwa na sababu zote kwenye simu: rangi ya nje isiyotoka na mvua, kupiga msasa, rangi ya msingi, siku sita za kazi, na miaka mitatu ya kujifunza ambayo hakuna aliyenilipa. Nilipanga niseme bei kwanza, ninyamaze, kisha nieleze. Nilichosema kilikuwa hiki:

"Ni elfu ishirini na mbili?"

Ilitoka kama swali. Mkurugenzi akalijibu.

"Hapana," alisema.

Nikafungua simu nianze kusoma sababu. Akaniinulia mkono. Kabla ya shule, aliniambia, alikuwa ananunua viazi vya jumla huko Molo kwa miaka kumi na miwili, na hakuna siku aliyonunua lori zima bila kufungua gunia. "Nifungulie hilo gunia lako," alisema. "Mnyama mmoja mmoja."

Kosa langu lilikuwa kufungua. Niliandika pale pale kwenye karatasi: ndovu na twiga elfu tatu kila mmoja, wale wengine wanane elfu mbili mbili. Mkurugenzi aliisoma orodha polepole, kalamu mkononi, na kidole chake kikasimama kwa twiga.

"Huyu akiwa nyuma ya kichaka?"

"Sijaelewa, Madam."

"Si twiga hujificha? Chora shingo na kichwa. Huku chini weka kichaka. Hapo ni ngapi?"

Niseme ukweli: nilijua jibu. Miguu ya twiga mimi huchora kwa nusu saa. Kichaka ni kazi ya siku nzima, kwa sababu kichaka ni majani, na jani siwezi kulipaka kama doa. Lazima liwe na uti na upande wenye kivuli. Kwa haki twiga wa nyuma ya kichaka angepanda bei. Lakini mtu mzima alikuwa amesimama mbele yangu akiamini kwamba amepunguza kazi, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba ameiongeza.

"Elfu moja mia tano," nikasema.

"Unaona sasa?" alisema, akafurahi kweli. "Na ndovu je?"

Ndovu akaenda nyuma ya kichaka. Simba akafuata, na punda milia, na kifaru, na nyati, na swara, na nyani. Kuhusu fisi, Mkurugenzi alisema huyo hata mwenyewe angependa kujificha. Tulipofika kwa flamingo nilijaribu kukataa.

"Madam, flamingo ni miguu. Ukitoa miguu hakuna kitu imebaki."

"Iko ndani ya maji," alisema. "Na maji ni rangi moja tu."

Tulifunga kwa elfu kumi na mbili. Nilimshukuru.

Nilifanya kazi siku kumi na moja. Nilinunua kijani cha aina tatu, kisha ya nne, kwa sababu vichaka vya mbali haviwezi kuwa na kijani sawa na vya karibu. Walimu walipita wakisifu simba, nami nilitaka kuwaambia waangalie majani. Nilipotoa pesa ya rangi na ya nauli, kilichobaki ningekipata kwa siku nne kwa kufulia watu nguo. Mama aliniuliza kama hiyo ndiyo bei niliyosema. Nikamwambia tulielewana. Akasema hakuuliza hivyo.

Wiki moja kabla ya Pasaka Mkurugenzi akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kusifu.

"Kuja uone vile umenifanyia."

Nilitembea mpaka Milimani nikiwaza rangi imebanduka. Haikuwa imebanduka. Ukuta ulikuwa vile vile nilivyouacha, na nikaona aibu kugundua kwamba bado ninaupenda. Mkurugenzi alinieleza akiwa amesimama, mikono kiunoni. Siku ya wazazi, mwalimu wa darasa la watoto wadogo aliwapanga watoto mbele ya ukuta ili waonyeshe walichojifunza. Akauliza, twiga ana miguu mingapi? Watoto wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ya juu, kwamba hana. Ndovu? Hana. Simba? Hana. Mzazi mmoja akacheka mpaka akatoka nje. Mwingine akauliza karo hii yote ni ya kufundishwa nini. Na flamingo, watoto wote walimwita bata mgonjwa.

"Sasa weka miguu," Mkurugenzi alisema. "Hiyo si kazi. Ni kumalizia tu."

Nilijua kwamba nikisema sawa, ningeweka miguu yote arobaini kasoro kidogo, bure, na ningeiweka vizuri, na Jumatatu baada ya Pasaka ningekuwa Naivasha nikifunga maua kwa raba. Jambo baya zaidi ni kwamba nilitaka kuiweka. Tangu nifike nilikuwa nimeshaona mahali pa kwato za swara.

"Ni elfu moja mia tano kila mnyama," nikasema. Haikuwa swali. Ilikuwa sauti ndogo, lakini haikuwa swali.

"Ya nini? Mguu ni mstari!" Akageukia ukuta, akaanza kuhesabu kwa kidole. "Nitakupa mia kila mguu. Minne, mia nne. Flamingo mia mbili. Nyani naye hiyo mbele ni mikono, usinihesabie. Na twiga weka ya mbele pekee, ya nyuma watajua iko."

"Madam, mimi siuzi mguu. Nauza mnyama."

"Wacha mchezo, mamii. Nusu ya mnyama iko hapo tayari. Nimeilipia."

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikuwa nimeipanga kwenye kioo. Nilimwambia kwamba kutoa kila kichaka na kupaka ardhi mpya ni karibu siku nzima, na kwamba miguu yenyewe ni nusu saa. Kisha nikamwambia na lile lingine: kwamba hata siku ile ya kwanza, vichaka ndivyo vilivyokuwa kazi. Kwamba bila vichaka ningemaliza kwa siku sita.

Aliutazama ukuta kama mtu anayefungua gunia la viazi upya.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa natoa mguu ili bei ishuke, na kumbe unaniwekea kitu ya bei kubwa?"

"Ndiyo, Madam."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Nilitarajia anihurumie. Alikasirika. "Wewe unanifanya mimi mtu mbaya," alisema. "Mimi kazi yangu ni kuuliza. Hata Molo niliuliza kila siku, na mkulima akiona nimezidi ananiambia, mama, hapo sitaki, na tunaheshimiana. Sasa wewe umekubali, umeenda ukapaka majani siku kumi na moja, halafu unatembea huko Kaptembwo ukisema yule mama wa Milimani alininyonga. Ulisema ama hukusema?"

Nilikuwa nimesema. Kwa watu wengi kiasi.

Nadhani kwa mara ya kwanza kunyamaza kwangu kulifanya kazi iliyokusudiwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeendelea.

"Kwa hivyo hiyo elfu moja mia tano haishuki?"

"Haishuki."

"Hata nikichukua wote kumi?"

"Hata ukichukua wote. Lakini si lazima uchukue wote. Ukitaka kupunguza pesa, punguza wanyama."

Alifikiri. Niliona anapenda wazo hilo, kwa sababu lilikuwa na hesabu ndani yake. Akaenda kando ya ukuta akichagua. Twiga, ndovu, simba, punda milia, swara. Alisimama kwa flamingo muda mrefu, akasema huyo lazima, shule haiwezi kuwa Nakuru, kwenye ziwa la flamingo, na iwe na bata mgonjwa. Sita. Kifaru, nyati, nyani na fisi wangebaki walipo.

"Mwalimu atauliza hao sita tu," alisema. Kisha akatoa simu akanitumia nusu ya pesa nikiwa nimesimama pale pale.

Nilipomweleza Mama jioni hiyo, alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua macho.

"Ulisema bei gani?"

"Elfu moja mia tano kila mnyama."

"Na analipa ngapi kwa kila mnyama?"

"Elfu moja mia tano. Amechukua sita, na nusu ya pesa ameshatuma."

"Na hao wengine?"

"Wako nyuma ya kichaka."

Mama akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa mlangoni. "Basi mpigie binamu yako," alisema. "Mwambie hiyo nafasi wampatie mtu mwingine."

Nilimaliza siku ya sita, saa tisa mchana, jua likiwa bado zuri. Ndani ya kopo kulikuwa kumebaki rangi ya kahawia, kiasi cha miguu minne hivi. Fisi alikuwa hatua mbili kutoka niliposimama. Miguu ya nyuma ya fisi ni mifupi kuliko ya mbele, na watu wengi hukosea hapo. Mimi nilikuwa nimeichora kwenye daftari mara nyingi mpaka ikatulia. Miguu yenyewe ilikuwa kazi ya nusu saa, na kichaka chake nilikijua jani kwa jani.

Mtoto mmoja wa darasa la wadogo alikuja kusimama kando yangu. Aliwahesabu wale sita miguu, akaridhika, kisha akamnyooshea fisi kidole.

"Na huyu?"

"Huyu hajalipiwa," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Pale shuleni asiyelipiwa karo hurudishwa nyumbani, na fisi angalau alikuwa ameruhusiwa kubaki. Akakimbia kwenye bembea. Mimi nikaenda kwenye mfereji, nikaufungua nikaosha brashi. Niliiosha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza maji yalikuwa bado yana rangi.