Kanisa Lake, Bahari Yangu

Dereva wa nyumba ile aliponiambia kwamba kanisa alilobatiziwa liligeuzwa karakana ya roketi, nilicheka mpaka nikashika ukingo wa sinki. Nami nilipomwambia kwamba kwetu roketi zilirushwa kutoka baharini, juu ya jukwaa la chuma lenye miguu, alicheka yeye, kisha akanuna, akaondoka bila kumaliza chai. Kila mmoja alidhani mwenzake anamchezea shere. Ndivyo tulivyoanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa Muaither, pembeni mwa Doha. Mimi nilikuwa kadama, mtumishi wa ndani, yeye dereva, mtu wa makamo kutoka Kerala, India, Mkristo, mwenye masharubu yaliyopakwa rangi. Chumba changu kilikuwa kando ya stoo, chake nje karibu na geti. Kadama haendi chumbani kwa dereva, na dereva haingii jikoni kukaa. Hilo halikuhitaji kuambiwa mtu. Basi yeye aliweka kiti chake cha plastiki nje, kivulini, mimi nikabaki ndani na masufuria yangu, na maneno yakapita dirishani pamoja na kikombe cha chai. Nilimwita Bhai, yaani kaka kwa Kihindi. Yeye aliniita Sista.

Tulizungumza Kiarabu cha jikoni, kile cha lete, weka, haraka, kesho, tukakiunga na Kiingereza cha kuokoteza. Kwa lugha hiyo unaweza kununua kuku, lakini jaribu kueleza kwamba binti yako ni mhandisi wa injini za roketi! Neno tulilokuwa nalo lilikuwa moja tu, *sarukh*, na sarukh ni roketi, na sarukh pia ni kombora la vita. Mmoja wa watoto wa nyumba alilisikia, akapanda ngazi mbio kumwambia mamake kwamba binti wa dereva anatengeneza makombora. Lo! Bhai akaitwa, akasimama mbele ya bwana wa nyumba akieleza huku jasho likimtoka. Mambo yaliishia kicheko, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyefika pale aliambiwa, tazama, dereva wangu huyu ana binti wa makombora. Bhai alitabasamu kila mara, akaenda kuosha gari. Hakumtaja tena bintiye kwa mtu yeyote ndani ya nyumba ile, isipokuwa kwangu.

Na mimi nilikuwa na changu. Mtu akikuuliza Doha umetoka wapi, ukasema Kenya, atasema Nairobi, atasema simba, na amekwisha. Wakenya wenzangu niliokutana nao bustanini tukichunga watoto wa watu walikuwa wa bara. Nikisema Ngomeni, wananiuliza, "Hiyo nayo iko wapi?" Nikisema ni kaskazini mwa Malindi, wanasema, "Ah, mahoteli." Haya, mahoteli. Ilifika mahali nikaona kama kwetu ni pahala nilipopatunga mwenyewe. Nilitaka mtu mmoja tu katika mji ule mzima aamini kwamba natoka mahali, na kwamba mahali hapo palitokea jambo.

Maana lilitokea, wallahi. Wataliano walisimamisha majukwaa yao baharini kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa msichana mdogo siku roketi ya mwisho iliporushwa. Tulisimama mchangani, mamangu akiniziba masikio kwa viganja vyake, na bado mlio uliniingia kifuani. Uzi mweupe ukapanda, ukapinda, ukaisha. Baada ya hapo vyuma vikabaki vikila kutu, na watu wakarudi kwenye mambo yao.

Bhai naye alikuwa na hadithi yake, nami niliipokea kwa vipande, kikombe baada ya kikombe. Kijiji chao, Thumba, kiko ufukweni kusini kabisa mwa India. Wakubwa wa sayansi walikuja wakasema mahali hapo ndipo panapofaa, kuna mstari fulani wa dunia unapita juu yake. Askofu akawauliza waumini wake kanisani, nao wakakubali, wakahama wao na nyumba zao. Kanisa likawa karakana. Vipande vya roketi vilibebwa kwa baiskeli. "Baiskeli!" nilimwambia. "Bhai, hata mtungi wa gesi hapa unaletwa na lori." Akasema, "Baiskeli, Sista. Babangu aliziona kwa macho yake." Nikamwambia sawa, kwa ile sauti ya mtu asiyeamini.

Nilimwamini mwaka elfu mbili na kumi. Walikuwa wanarusha roketi yenye injini mpya, ile ambayo bintiye alikuwa mmoja wa walioishughulikia. Alinieleza kwamba mafuta yake ni hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, baridi kuliko friza yoyote. Mataifa yenye ujuzi huo yaliwanyima, kwa hiyo wakaanza kuutafuta wenyewe, na kazi hiyo ilikula miaka. Siku hiyo baada ya chakula cha mchana aliweka simu yake dirishani, nami nikafuta mikono. Ikapanda. Nikapiga makofi, yeye akaniinulia kidole, ngoja. Injini ile iko juu kabisa, inatakiwa iwake huko huko angani baada ya zile za chini kumaliza kazi. Haikushika. Roketi ikaanguka baharini.

Bhai alifunika uso kwa kile kitambaa cha kufutia gari. Mabega yalimtikisika. Sijui kumbembeleza mwanamume wa watu, tena dirishani, kwa Kiarabu cha kununulia kuku. Nikamwambia lile lililonijia, "Bhai, nakuamini kanisa. Nakuamini na baiskeli." Hakuna anayelia namna ile kwa uongo.

"Asante, Sista," akasema.

Nikangoja. Nilidhani na yeye atasema, nami nakuamini bahari. Wapi! Akachukua kitambaa chake akaenda.

Nilikasirika, sitaficha. Baadaye, akili zake ziliporudi, nikamtolea uvivu. "Mimi nimekuamini kanisa, wewe huniamini bahari?" Akacheka kwa upole, kicheko cha mtu anayemhurumia mtoto. Akasema ni nchi chache sana duniani zinazorusha roketi, anazijua zote, na Kenya haimo. Nikamwambia si Kenya iliyorusha, ni Wataliano, ila bahari ni yetu na masikio ni yangu. Akasema, "Sawa." Kwa ile ile sauti niliyomtolea mimi! Ningeweza kumtafutia picha, simu nilikuwa nayo. Aka! Mimi si muuza samaki nimfunulie kikapu. Nilitaka aamini kinywa changu.

Mwisho wa mwaka ule ule roketi yao nyingine ikapasuka angani, hiyo hata haikuwa na injini yao mpya, ilikuwa na ya kununua. Kisha miaka ya kungoja. Tuliendelea na dirisha letu. Bhai alijua siku nilizoshikwa na hamu ya kwetu kwa namna nilivyoweka vikombe, nami nilijua bintiye amepiga simu kwa namna alivyofunga mlango wa gari. Hata hivyo nikitaja Ngomeni alibadili mazungumzo kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko kucheka.

Agosti ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu walijaribu tena. Joto la Doha mwezi huo hulielezi, hata ukuta wa nje ulikuwa haushikiki, lakini Bhai aliketi pale pale. Muda wa kurusha ulikuwa haujatimia walipotangaza kwamba wameahirisha. Mafuta yanavuja.

Mimi kuvuja nakujua ni kwa gesi ya jikoni. "Binti yuko salama?"

Akanigeukia. Nadhani hakutazamia hilo liwe swali langu la kwanza. "Yuko salama. Wote wako salama. Wataitoa, waitengeneze."

"Basi alhamdulillahi. Wataiziba."

Akanywa chai yake yote. Kisha akasema kwamba mkataba wake unaisha kabla ya mwaka kwisha na hatauongeza. Roketi hiyo itakaporuka atakuwa nyumbani, kando ya bintiye. Nikasema, vizuri sana, Bhai, Mungu akujaalie. Nikafungua bomba kwa nguvu ili asinisikie. Nilimfurahia, na nilijihurumia zaidi.

Siku ya kuondoka alikuja dirishani na shati jipya, sanduku likiwa getini. Nilijiapiza nisiulize. Nikauliza. "Bhai, bado huniamini?"

"Sista, nakuheshimu."

"Sikukuuliza heshima."

Honi ikapigwa getini, akalifuata sanduku lake. Kikombe chake nilikiosha, nikakiweka nyuma ya vingine, nisikione.

Iliruka Januari, adhuhuri, watu wa nyumba wakiwa wamelala baada ya biriani. Niliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Ilipopanda sikupiga makofi, nilikuwa nimefundishwa. Nikangoja injini ya juu. Mikono yangu ilikuwa na povu na sikuifuta. Ikawaka. Ikaendelea kuwaka. Wahandisi waliojaa ukumbini kule India wakasimama wakakumbatiana, nami nikapiga kigelegele kirefu, cha harusi kabisa, peke yangu mbele ya sinki. Madam akapiga kelele kutoka juu, kuna nini huko? Nikasema, hakuna kitu, madam, nimeteleza.

Jioni simu yangu ikalia. Alikuwa binti, kwa Kiingereza safi, sauti imekauka kwa kushangilia. Akasema babake anamsumbua tangu arudi. Kila siku anamwambia kuna mwanamke Doha anayedai kwao roketi zilirushwa kutoka baharini, karibu na Malindi, je, yawezekana? Yeye hakuwa na muda wa hadithi za babake mpaka kazi ikamilike. "Leo nimemjibu. Nimemwambia, Baba, sote tuliosoma mambo haya tunapajua mahali hapo."

Kisha akampa simu. Bhai hakusema salamu. Alikuwa analia tena. "Bahr," akasema. Bahari. "Sahih, Sista. Sahih." Kweli.

Simu ikakatika, au akaikata. Nikabaki nimeishika. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nilikuwa natoka mahali, na aliyelijua hilo yuko ng'ambo ya bahari nyingine. Nikatamani kumwambia mtu. Nikamimina chai katika kikombe kile cha nyuma, nikafungua dirisha. Dereva mpya, kijana wa Nepal, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akichezea simu yake. Nikampa kikombe. Nikamwambia, kwa Kiarabu cha jikoni, kwamba kwetu Kenya zilirushwa sarukh, kutoka baharini.

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Nikamwacha acheke. Wa kwanza alichukua karibu miaka minne.