Siku Bibi Alipokuja Kutazama Hoki

Watu wakisikia kwamba niliwahi kulipwa mshahara kwa kucheza hoki ya barafuni, hunitazama usoni kwanza, kisha hutazama nje ya dirisha. Nje ni Muscat na jua lake. Wengine hucheka papo hapo, nami huwaacha wacheke, maana hata mimi nikijisikia nikihadithia naona ni uongo wa barazani. Lakini kiwanja kilikuwepo. Kilikuwa ndani ya jengo lisilo na madirisha, mitambo ikinguruma mchana kutwa, na sisi vijana wa miaka ya tisini tulikuwa tukiingia mle na kanzu zetu, tukipandisha pindo kama watu wanaovuka mtaro, tukianguka na kuinuka mpaka makalio yakafa ganzi. Tukitoka nje, miwani ya wenye miwani ilifunga ukungu na tukagongana tena mlangoni.

Wakati huo tulikuwa tukiishi Darsait, kabla baba hajajenga Ansab, na mwenye amri nyumbani hakuwa baba. Alikuwa Bibi, mama yake baba. Bibi alisomesha Unguja, akaja akasomesha tena Muscat, na alipostaafu akageuza sebule yetu kuwa darasa. Watoto wa mtaa mzima walipita mikononi mwake kujifunza Kiingereza na hesabu: wa Kizanzibari, wa Kibalushi, wa Kihindi. Na wote walifundishwa jambo moja zaidi. Mkubwa akiingia, unaacha unachokifanya, unainuka, unamwendea, unampa mkono na kuubusu wa kwake. Ukiwa unakula, meza tonge. Ukiwa msalani, alisema Bibi, fanya haraka.

Hakuna aliyebisha, kwa sababu asiyeinuka hakupata sambusa.

Hoki tulifundishwa na Wakanada, watoto wa wahandisi wa mafuta, ambao walikuja na fimbo zao na wakakosa wa kucheza nao. Walitutafuta sisi kwa shida, si kwa mapenzi. Kipa wetu alikuwa mtoto wa ami yangu, kijana mnene asiyependa kukimbia, tukamweka golini tukidhani tumemfanyia hisani. Kiwanja hatukupewa kila tulipotaka, basi Ijumaa baada ya sala tulikuwa tukienda mtaa wa Ghala, kwenye bohari ya vigae ya ami, tukavaa viatu vya magurudumu na kufanya mazoezi ya kupiga paki. Paki ni kile kidude cheusi cha mpira mgumu kinachochezewa, mfano wa kopo la dawa ya viatu. Kikipiga kigae, kigae hakina nafasi. Vilivyovunjika tulivirudisha ndani ya boksi, chini kabisa, juu tukapanga vizima. Nina hakika ziko nyumba Muscat ambazo wenyewe mpaka leo wanamlaani fundi.

Bibi hakuupenda mchezo ule hata kidogo. Hakuwa na tatizo na fimbo wala na mikwaruzo. Adui yake alikuwa baridi. Kwake baridi ilikuwa kitu kinachoingia mwilini kwa mguu, kikapanda, kikakaa kifuani kumngoja mtu azeeke.

"Barafu ni ya kutia kwenye juisi," alikuwa akiniambia, "si ya kusimamia. Nnakwambia leo, utakuja kunikumbuka."

Kila nikirudi alinivua shati na kunichua kifua kwa mafuta ya karafuu, kisha akaninywesha chai ya tangawizi iliyoniwasha mpaka masikioni. Nikawa nakwenda kiwanjani nanuka kama sufuria ya pilau. Wapinzani walijua niko nyuma yao kabla hawajageuka, na Mkanada mmoja aliniambia kwamba kila nikimpita anasikia njaa.

Basi nikakua, na nikawa na mbio. Sisemi kwa kujisifu. Walikuwepo waliokuwa na akili ya mchezo kuliko mimi, lakini kwa mbio hawakunipata. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili habari zikafika Imarati, kwenye klabu moja iliyokuwa ikiwalipa wachezaji wake mshahara na kuwapa chumba. Kocha wao, Mfini mrefu kutoka Finland, mwenye nyusi nyeupe, akatuma salamu kwamba atakuja Muscat kunitazama katika mechi moja. Nikimpendeza, anaondoka na jina langu.

Sijapata kutaka kitu kama nilivyotaka kile. Nilikuwa nimeshamaliza skuli, na baba alikwisha kunitafutia nafasi wizarani, kwenye meza iliyo mkabala na meza yake, ili tuwe tunakwenda kazini kwa gari moja na kurudi kwa gari moja mpaka mmoja wetu afe. Nampenda baba yangu. Lakini kila nikiifikiria ile meza nilihisi mtu amenikalia kifuani.

Nilipomwambia habari ya kocha, baba hakugomba. Alikunja gazeti taratibu, akatabasamu.

"Mimi sina neno," akasema. "Bibi yako akikupa radhi, nenda."

Mjanja yule. Alijua kwetu mtoto hatii mguu nje ya nyumba bila radhi, na alijua Bibi hatoi radhi kwa barafu. Na kwa kuhakikisha, akamwambia Bibi kwamba ni vizuri aje auone mchezo kwa macho yake kabla hajaamua. Kwa hesabu yake, Bibi akipigwa na ile baridi kidogo tu, kazi imekwisha, na yeye ataonekana baba muungwana aliyemwachia mwanawe nafasi.

Siku ya mechi nilicheza kama niliyepandwa na shetani. Kocha alikaa juu, mikono kifuani, hatikisi hata unyusi. Kipindi cha kwanza nilifunga bao, cha pili nikampa mwenzangu akafunga, na nikamwona Mfini akiinama mbele, viwiko magotini, kalamu mkononi. Tulikuwa tukiongoza. Bibi hakuwa amefika. Alimwambia baba watatoka baada ya kusali Alasiri, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiomba foleni ya magari.

Kipindi cha tatu kikaanza. Paki ilikuwa kwenye fimbo yangu, njia mbele yangu nyeupe, na beki wao amekwisha kuteleza upande usio wake. Mlango mdogo wa pembeni, ule wanaopitia wachezaji, ukafunguliwa. Akaingia Bibi. Juu ya buibui amevaa koti la baba la safari, juu ya koti blanketi, miguuni soksi za sufi ndani ya ndara. Baba nyuma yake amembebea mto.

"Assalaam alaykum!" akasema Bibi, kwa sauti iliyokuwa ikinyamazisha darasa zima.

Ningependa kuandika kwamba nilisita, kwamba niliwaza kocha upande huu na Bibi upande ule. Sikuwaza kitu. Miguu iligeuka yenyewe. Niliiacha paki pale pale ilipokuwa, nikavua helmeti na glavu, nikaenda ukingoni, nikaupokea mkono wa Bibi na kuubusu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umelowa hivi?"

Nilipoinua kichwa nikaona siko peke yangu. Nyuma yangu ilikuwa foleni. Wenzangu wawili wa Kizanzibari, mtoto wa Kibalushi na yule wa Kihindi aliyezaliwa mlango wa pili na kwetu, wote wanafunzi wa sebuleni, wote helmeti kwapani, wanangoja zamu zao. Kwenye barafu alibaki Mkanada wetu mmoja, akizunguka na kupiga mayowe kama mtu aliyeachwa na meli. Wapinzani watano wakampita.

Kelele zikalipuka. Bibi akatazama kule wanakorukaruka.

"Wanafurahia nini wale?"

"Wamefunga bao, Bibi."

"Na kipa wenu yuko wapi?"

"Huyu hapa," nikasema. "Ndiye anayekubusu mkono."

Bibi akamtazama mjukuu wake mwingine, na mavazi yake yote yale ya golini, magodoro kila upande, kwanza asimtambue. Kisha akauvuta mkono wake.

"Mtume! Rudi golini, mpumbavu wee! Nani kakwambia uje? Nyote rudini!"

Tulirudi, lakini mechi ilikuwa imekwisha kuvunjika. Refa alikuwa anacheka mpaka kashika mbavu. Tulifungwa bao jingine na tukapoteza. Kila nikipita mbele ya kocha niliona ameegemea nyuma, na kalamu amekwisha kuitia mfukoni.

Baada ya mechi alinikuta ukumbini na kuniambia bila kuzunguka. Miguu yangu ni mizuri kuliko yote aliyoiona safari ile. Lakini hawezi kumlipa mtu anayeiacha paki akaenda kusalimia. Pole sana. Alinipa mkono, na mimi nikasimama na ule mfuko wangu mzito begani, nikiiona ile meza ya wizarani inasogea.

Sikujua Bibi yuko nyuma yangu. Alilisogelea lile pande la mtu, blanketi likiburura, na kumsemesha kwa Kiingereza chake cha skuli ya zamani, kila neno limepigwa pasi.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na mimi mwalimu. Mjukuu wangu umemkataa kwa sababu gani?"

Kocha akamweleza, kwa adabu, kwamba nimeacha mchezo.

"Ameacha mchezo kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

"Huko kwenu kuna mwengine atakayemwendea hivyo?"

Kocha akafikiri. Akasema anadhani hakuna.

"Basi kasoro haiko kwake," Bibi akasema. "Iko kwangu, na mimi naweza kuiondoa. Sitakuja tena. Popote atakapocheza, sitaingia na sitatazama. Nnakupa ahadi yangu."

"Bibi..." nikaanza.

"Nyamaza. Wakubwa wanazungumza."

Mfini alimtazama, kutoka blanketi mpaka ndara. Sijui alikuwa akikumbuka nini. Kisha akaitoa kalamu mfukoni. Baba alikuwa amesimama kando na ule mto mikononi, uso wake kama wa mtu aliyetega mtego akanasa kidole chake mwenyewe.

Ndani ya gari Bibi alisema, "Nlikuja kukukataza. Nlisema nikishaiona hiyo baridi nakukataza mbele ya Mzungu wako, biashara imekwisha. Lakini na mavazi yote yale, na watu wote wale wanapiga kelele, umeniona na umekuja. Mtoto kama huyo hanipotei. Nenda. Radhi zangu unazo." Kisha akaniwekea mkono kichwani na kusoma dua yake, na alipomaliza akamwambia baba afunge kiyoyozi cha gari, kwani anataka kuua watu?

Nikaenda. Mwaka wa kwanza haukuwa na fahari yoyote. Nilibeba mifuko ya wakubwa, nilinoa vyuma vya viatu vyao, nilikaa benchi mpaka benchi likanijua. Nilikuwa nikipiga simu nyumbani, na Bibi hakuniuliza hata siku moja kama tumeshinda. Aliuliza kama nimevaa soksi mbili.

Kisha wakaanza kuniingiza. Mechi yangu ya kwanza ya kuanza tangu dakika ya mwanzo tulicheza Dubai, kwenye kiwanja kilicho ndani ya jengo la maduka, chenye ukuta wa kioo upande mmoja, na nyuma ya kioo mkahawa ambapo watu hukaa na vikombe vyao wakitazama. Sikumwambia mtu wa nyumbani. Shangazi yangu aliyekuwa akiishi kule alijua mwenyewe, sijui kwa nani.

Nilifunga katikati ya mchezo. Bao la kwanza nililofunga nikilipwa, tena zuri, la kumzunguka beki na kumlaza kipa. Wenzangu wakanirukia. Nilipotoka chini yao nikageuka upande wa kioo, kwa sababu watu wa mkahawa walikuwa wamesimama wanapiga makofi, wote, mpaka muhudumu na sinia lake.

Mmoja hakusimama. Alikaa kwenye meza iliyogusana kabisa na kioo, juu ya buibui koti la baba, mgongo kaipa barafu. Shangazi alikuwa amekaa mbele yake, ananitazama mimi, na midomo yake inakwenda mbio. Alikuwa anamhadithia. Nikaona kichwa cha Bibi kikitikisika, taratibu, kama anavyofanya akisikiliza mtoto anayesoma bila kukosea. Hakugeuka.

Niliumia, na nilifurahi, na sikujua lipi ni lipi. Alikuwa karibu nami kuliko siku ile ya Muscat. Miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe, kama kawaida yake. Nikaizuia. Refa alikuwa amekwisha kupuliza, wenzangu wananingoja, na kocha amesimama ukingoni ananikazia macho na zile nyusi zake. Nikageuka, nikarudi katikati ya barafu, nikaigusisha ncha ya fimbo barafuni, tayari kuanza, nikaangalia paki.