Siku Nilipowaomba Wateja Wote Mahari

Nichekeni tu, nimeshazoea, kwa sababu mwanamke aliyewaomba mahari wateja wote wa kampuni kwa mpigo mmoja, wake kwa waume, hana tena haki ya kumnunia mtu.

Nafanya kazi Gikondo, hapa Kigali, kwenye ghala la vipuri vya magari, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupokea simu. Kwa kuwa nimekulia Bujumbura nilipewa wateja wa Kiswahili: madereva wa malori wa Tanzania, wenye gereji wa Goma na Uvira, na mafundi wa hapa hapa Gikondo. Walikuwa wananipigia kuagiza breki pedi, lakini kabla ya breki pedi wananiuliza nimeamkaje, nimekula, mvua imenyesha huko Kagugu? (Kagugu naishi peke yangu, mama tulimzika Bujumbura, na ndugu zangu kila mmoja ana nchi yake.) Wengi wao sikuwahi kuwaona sura, ila sauti zao nilizijua zote, na kusema kweli hakukuwa na mtu mwingine wa kuniuliza kama nimekula.

Kisha ukaja mfumo. Siusemi vibaya, maana umetusaidia: mteja anachagua kipuri kwenye simu yake, hesabu ya stoo inapungua yenyewe, risiti inatoka yenyewe, mwenye pikipiki anaona pa kupeleka, na zile siku za klachi ya lori kupelekwa kwa mwenye teksi (mimi huyo, mara nyingi tu) zimekwisha. Biashara imenyooka. Lakini simu yangu ikanyamaza, nikawa nakaa mbele ya kompyuta naangalia oda zinaingia na kutoka bila mtu hata mmoja kusema hodi.

Sasa siku hiyo bosi akaja mezani kwangu. "Espérance, andika message ya Kiswahili, mfumo iwatumie wateja wote, waseme wako wapi tuwapelekee vitu."

Mwenzangu wa meza ya pili, Baraka, kijana aliyekulia Mwanza, akaniambia, "Dada Espe, nipitishe macho kidogo kabla hujatuma?" Nikakataa. Huyu Baraka alishanicheka mbele za watu siku niliposema natoka kwenda kura wakati nilikuwa nasema habari ya kula (sisi wa Kinyarwanda r na l kwetu ni mtu na pacha wake, sikio halizitenganishi), nami nikaona leo hanipati. Nikamjibu, "Kiswahili si chako peke yako."

Nikaandika: "Mpendwa mteja, mzigo uko tayari. Tafadhali tuma mahari yako leo, tusicheleweshane. Ni mimi Espérance, nasubiri simu yako." Na namba yangu chini. Jina na namba hakuna aliyeniambia niweke, niliweka mwenyewe, nikabonyeza, ikaenda.

Simu ikalia kabla sijanyanyua kikombe cha chai! Dereva mmoja wa Tanzania: "Dada Espe! Kumbe bado upo? Sasa mahari yenyewe kiasi gani?" Nikashangaa kidogo, nikadhani anauliza umbali, nikamwambia yoyote tu, hata ikiwa kubwa tutamudu. Akacheka mpaka akakohoa. Mama mwenye gereji Goma naye akapiga: "Dada, kwetu mwanaume ndiye anatoaka. Miye mwanamke nitoe namna gani?" Nikamjibu hapa hatubagui, mwanaume, mwanamke, wote watume. Wakapiga wengine, na wengine, nami naitika kila simu, nauliza watoto, nauliza barabara, nacheka nao bila kujua tunacheka nini. Sijawahi kufurahi hivyo tangu mfumo uje.

Mara mlango ukafunguliwa akaingia Sylvestre, mjane mwenye gereji hapo chini, amevaa koti la suti juu ya ovaroli, nyuma yake mafundi wake, na mmoja amebeba agaseke, kile kikapu cha harusi chenye mfuniko mrefu.

"Tumepata message," akasema kwa heshima zote. "Tumeleta mahari. Ng'ombe iko njiani, imekwama kwa foleni."

Nami nikanyanyuka (Mungu wangu, na sauti nikapaza), "Aa, mahari yenu mbona naijua! Si hapo chini karibu na kanisa?"

Jengo likalipuka kwa kicheko. Bosi alitoka ofisini kwake mbio. Sylvestre akafunua kikapu, ndani mna breki pedi zilizokwisha. Baraka, machozi yanamtoka, akaja kwenye kompyuta yangu akaweka kidole juu ya ile r. "Dada, mahali ni pa kukaa. Mahari ni ng'ombe."

Nikacheka na mimi, ningefanya nini.

Bosi hakunigombeza, alisema tu, "Sahihisha, na utoe jina yako na namba yako, mfumo haihitaji." Baraka akasahihisha, ujumbe mpya ukaenda, wateja wakajibu kwenye mfumo mahali walipo, vizuri kabisa, bila kumpigia mtu. Kisha Baraka akaniuliza, safari hii bila kucheka, "Sasa dada, wale wote waliokupigia, hukusikia kwamba wanakutania?"

Sikusikia. Nilidhani wamenikumbuka.

Tangu siku hiyo sitoi ujumbe bila Baraka kuusoma, na nimeapa kwamba nikitaka kusalimiwa nitapiga mimi, nitasema wazi kwamba sina oda, nimepiga kusalimu tu. Namba zao ninazo bado. Sijaanza.